Kwa nini maduka ya Dodoma mjini yalikaa muda mrefu mikononi mwa wahamiaji? Naomba msaada wa tasnifu

Mwanachuo wa Ng'ong'ona

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Dodoma, na nimekwama katika sura ya pili ya tasnifu yangu. Nilikusudia kulinganisha hali ya familia zenye asili ya India na Uarabuni, zilizofika mkoani kwetu tangu enzi za Wajerumani, na hali ya familia za Wagogo na Warangi: elimu ya watoto, umiliki wa nyumba mjini, aina ya kazi, na uwezo wa kupata mkopo. Nilipowasilisha pendekezo langu, mwalimu anayenisimamia aliuliza jambo moja tu: "Unawalinganisha nani na nani?" Nilijibu upesi kuwa nawalinganisha wahamiaji na Waafrika. Akanitazama kidogo, kisha akanirudishia karatasi zangu bila kuandika kitu.

Ugumu wangu wa kwanza ni takwimu. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza watu kabila lao, na sababu za kuliacha swali hilo nazielewa na kuziheshimu, lakini mtafiti anabaki mikono mitupu. Ugumu wa pili ni majibu ninayopewa. Kila ninayemhoji mjini ana moja kati ya mawili: ama "wale wana bidii, sisi wavivu", ama "wale walitunyonya". Sitaki kuandika tasnifu ya matusi, yawe ya kujitukana au ya kutukana wenzangu. Mwenye kumbukumbu au hoja anisaidie.

Mhasibu Mstaafu, Area C

Mwanangu, usione vibaya, ila swali la mwalimu wako lina akili kuliko jibu lako.

Anza na reli. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914, na nyuma yake wakaja mafundi, makarani na wenye maduka. Watu wengi huamini kuwa wenye maduka wa Kihindi ni wajukuu wa vibarua wa reli, na hapo ndipo hesabu inapoharibika mapema. Vibarua walioletwa kwa mkataba kujenga reli ya Uganda, ile ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria na si hii yetu, walikuwa wapatao 32,000. Walio wengi walirudi kwao mkataba ulipokwisha, na waliobaki hawakufika 7,000. Mwenye duka alikuja kwa njia yake, kutoka Gujarat au Kutch, mara nyingi kwa kuitwa na mjomba au binamu aliyekwisha kufungua duka pwani. Huyo ni mtu aliyechujwa tangu kwao: alikuwa na nauli, alijua kuandika hesabu, na alikuwa na ndugu wa kumpokea. Wenzake wasiokuwa na hayo matatu walibaki shambani Gujarat, na hakuna anayekuja Dodoma kuwahesabu. Mgogo hakuchujwa na yeyote. Alikuwa kwao, hodari na goigoi, tajiri na maskini, wote pamoja. Ukiweka kundi lililochujwa kando ya kundi zima, kisha ukasema tofauti yao imetokana na damu au tabia, umejidanganya kabla hujafika kwenye jedwali.

Sasa njoo kwenye mkopo, na hapa nakusihi ukae muda mrefu, maana ndipo penye mzizi. Wakati wa Waingereza palikuwa na sheria ya kuzuia wenyeji wasikopeshwe. Asiye mwenyeji akimkopesha Mwafrika bila idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali, deni hilo halikuweza kudaiwa mahakamani. Ilielezwa kuwa inamlinda Mwafrika asinaswe na madeni, na huenda waliosema hivyo waliamini wanachokisema. Matokeo yake ni kwamba biashara yote ya nchi iliendeshwa kwa mali kauli, yaani kuchukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa baadaye, kutoka kwa mwagizaji wa Dar es Salaam hadi kwa mwenye duka la jumla Dodoma hadi kwa mwenye duka la rejareja Manyoni, na Mwafrika alikaa nje ya mnyororo huo akiwa na fedha taslimu tu, tena chache. Ongeza ardhi: Sheria ya Ardhi ya 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma, mgeni mjini akapewa hati, mwenyeji kijijini akatambuliwa kuwa anaikalia kwa mila bila karatasi yoyote ya kupeleka benki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ndiyo iliyoleta hati za hakimiliki ya kimila. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita katikati.

Mimi nimeyaonja hayo mwishoni mwishoni. Mwaka 1998 nilikwenda benki moja hapa mjini kuomba mkopo wa mashine ya kukamua alizeti. Nilikuwa na mshahara, nilikuwa na nyumba ya vyumba vitano Chang'ombe. Afisa aliitazama barua ya mtendaji wa mtaa niliyoipeleka badala ya hati, akaipindua nyuma kana kwamba huenda kuna kitu kimeandikwa huko, akaniambia, "Mzee, nyumba yako ipo, ila kwetu haipo." Ilikuwa kauli ya kweli kabisa, ndiyo maana imenikaa moyoni hadi leo.

Shule sitazisemea sana, zinajulikana: hadi uhuru zilitengwa kwa rangi, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na fedha kwa kila mtoto zilifuata mpangilio huohuo.

Mwenye Duka, kizazi cha nne

Shikamoo mzee. Nimesoma kwa makini, na mengi nakubali, lakini naomba nisitajwe kama mtu aliyepewa tu. Sisi ni watu wa Dodoma. Babu yangu na baba yangu wote walizaliwa hapa, na mimi Kigogo cha sokoni nakisikia vizuri kuliko Kigujarati.

Mwezi wa Aprili 1971 serikali ilitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na zilizokuwa zimejengwa zaidi ya miaka kumi nyuma hazikulipwa fidia. Nyumba ya babu ilikuwa ya ghorofa moja: chini duka, juu wapangaji wawili na sisi. Tulilala wenye nyumba, tukaamka wapangaji wa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyosimamia nyumba zilizotwaliwa. Ndugu zake babu watatu waliondoka, wawili Kanada na mmoja Uingereza. Babu alibaki kwa sababu alikuwa amekopesha watu wengi mno na aliona aibu kuondoka kabla hawajamlipa, au ndivyo alivyopenda kusimulia. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili yaje maduka ya ujamaa. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Kwa hiyo ndugu mwanachuo, familia unazoziona Madukani leo ni zile zilizobaki baada ya mawimbi hayo yote. Mzee amesema tulichujwa tulipokuja. Ni kweli, na tumechujwa tena kwa kuondoka. Walioshindwa hawapo hapa uwahoji. Wamo Toronto na Leicester wakiendesha teksi, na wengine wamefanikiwa kutushinda.

Kuhusu mali kauli, hakukuwa na siri. Babu aliandika kila deni katika daftari refu lenye jalada jekundu la kitambaa. Bidhaa zikija kwa treni, alikuwa na siku 90 za kulipa, na dhamana yake haikuwa nyumba. Dhamana ilikuwa jina. Ukichelewa kulipa Dar es Salaam, habari ilifika msikitini au hekaluni kabla ya barua, na binti yako hakuposwa. Waismailia walikwenda mbali zaidi: kiongozi wao wa dini, Aga Khan, alipopimwa uzito kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946, fedha zilizochangwa zilianzisha mfuko wa kukopesha wanajumuiya wao. Sisi si Waismailia na hatukuupata mfuko huo, jambo ambalo watu hawalijui wanaposema "Wahindi husaidiana". Husaidiana nani na nani? Na Waarabu wa Kondoa walikuwa na duka kama sisi, wakati mwingine kijijini ndani kuliko sisi, na wengi wao hawakutajirika hata kidogo.

Kosa letu moja nitalitaja mwenyewe ili lisisemwe na mwingine. Vijana wa Kigogo waliofanya kazi dukani kwetu miaka ishirini walijua bei zote na wateja wote, lakini daftari jekundu hawakulishika hata siku moja.

Mkulima wa Zabibu, Hombolo

Wasomi mmesema vizuri, ila mnapima utajiri kwa duka. Marehemu babu yangu hakuwa na duka wala hakulitaka. Alikuwa na ng'ombe, na wengine aliwakopesha kwa jamaa wa vijiji vya mbali ili ukame au ugonjwa ukipiga hapa, kule wabaki. Hiyo nayo ni benki, tena ina matawi. Mwanachuo akija na dodoso lenye masanduku ya "biashara" na "ajira", mtu kama huyo ataandikwa hana kitu.

Na ilikuwaje benki hiyo ikafilisika? Katika Vita ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, mvua ikakata, ikaja njaa wazee waliyoiita Mtunya, ambayo inakadiriwa kuwa iliua watu wapatao 30,000 katika Ugogo. Watu wanaotucheka kwa kuhemea na kuombaomba Dar es Salaam hawajui kuwa wanalicheka jeraha. Wakati huohuo, miaka ile ya 1920, wenye maduka ndio walikuwa wanapanua.

Tena, siku hizi anayenipunja si Mhindi. Ni Mwafrika mwenzangu anayekuja na lori kununua mahindi kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, na bei ni ya gunia moja. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi hapa mjini ni ya watu waliotoka Makete na Kilimanjaro. Nao ni wahamiaji, na wenyeji tunawasema maneno yaleyale tuliyowasema Wahindi. Mwanachuo, hao umewaweka upande gani wa jedwali lako?

Muuguzi wa Minnesota, mzaliwa wa Kongwa

Swali la mkulima limenifanya niandike, maana huku nilipo mimi ndiye mhamiaji.

Hapa Marekani kuna ulinganisho unaofanana na wenu uliogeuzwa. Wahamiaji kutoka Afrika kusini mwa Sahara wenye miaka 25 na zaidi, karibu 4 kati ya kila 10 wana shahada, ilhali kwa wazaliwa wa Marekani kwa jumla ni kama theluthi moja. Wapo wanaoitumia hesabu hiyo kuwasema Wamarekani Weusi: "Mbona Waafrika wanakuja juzi na wanasoma?" Husikitika ninapowasikia hata Watanzania wenzangu wakilirudia hilo kwenye sherehe zetu, wali mkononi. Mimi nilikuja kwa bahati nasibu ya viza, na ili uingie humo sharti uwe umemaliza sekondari au uwe na uzoefu wa miaka miwili katika kazi inayotambulika. Binamu yangu aliyeishia darasa la saba, mwerevu kunizidi, hakuweza hata kujaza fomu. Kwa hiyo Marekani haijakutana na Afrika. Imekutana na waliopita mlangoni. Ukitaka uthibitisho, tazama jamii mbili za wahamiaji Waafrika: Wanaijeria, ambao wengi wao walikuja kwa masomo, wana shahada kwa wingi, Wasomali, ambao wengi wao walikuja kama wakimbizi wa vita, wako chini sana kwa kipato. Bara ni moja, mlango ndio tofauti.

Hata kwetu upo mfano. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 waliwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa mashamba, na baadaye wapatao 162,000 wakapewa uraia. Hao ni wahamiaji, ni Waafrika, walikuja bila kitu, na makazi yao yakawa maghala ya chakula ya maeneo hayo. Sielewi utawaweka wapi katika "wahamiaji na Waafrika".

Mwanachuo wa Ng'ong'ona

Shikamooni wazee wangu, na ahsante dada wa Minnesota. Nimefuta kichwa cha tasnifu. Naona sasa kuwa nikibaki na makundi mawili ya asili sitapata ila kile nilichokitia mwenyewe mwanzoni. Nafikiria badala yake kuchukua aina moja ya kazi, yaani duka la rejareja, na kuwafuata wote walioingia humo Dodoma kuanzia uhuru hadi leo, awe Mgogo, Mkinga, Mchaga, Mwarabu au mwenye asili ya India, nikiuliza jambo moja kwa kila mmoja: mali ya kwanza uliyoiweka kwenye rafu ulikopeshwa na nani, na kwa dhamana gani? Na waliofunga maduka nitawatafuta kwa juhudi ileile ninayowatafuta waliofanikiwa.

Mzee Mwenye Duka, samahani kwa kuuliza moja kwa moja: je, yale madaftari mekundu bado yapo?

Mhasibu Mstaafu, Area C

Swali la dhamana ni zuri, libakize hivyohivyo. Ila uliza pia ni nani aliyekataa kumkopesha, maana watu humkumbuka huyo vizuri zaidi.

Mwenye Duka, kizazi cha nne

Yapo, kumi na moja, ndani ya sanduku la bati chini ya ngazi. Mchwa wamekula mawili. Majina ya wadaiwa yameandikwa kwa Kigujarati, na tangu bibi afariki hakuna mtu nyumbani anayeweza kuyasoma, ila tarakimu zinasomeka. Njoo Jumamosi baada ya alasiri, duka likipoa. Na yule mkulima wa Hombolo, kama babu yake alikuwa akija mjini kununua chumvi na kaniki, aje naye. Huenda jina lake limo.