Rangi inabanduka chini ya kuta: nyumba ya kununua Kigamboni

Wakuu, nyumba ninayotaka kununua ina unga mweupe kwenye kuta, kutoka sakafuni hadi nusu mita. Muuzaji anasema ni rangi mbovu tu. Nikague nini kabla ya kulipa?

Jibu 1
Mkuu, unga huo ni chumvi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yanakauka ukutani, chumvi inabaki na kuisukuma plasta itoke. Zunguka nje kwanza. DPC, yaani tabaka la kuzuia unyevu linalowekwa chini ya ukuta, inatakiwa kuwa angalau sm 15 juu ya ardhi. Mara nyingi watu hujaza kifusi na kuweka pevingi hadi inafunikwa. Hapo dawa ni kuchimba na kushusha ardhi, kisha kubandua plasta hadi sm 30 juu ya alama ya unyevu. Kama DPC haikuwekwa kabisa, gharama ni kubwa, kwa hiyo shusha bei. Kupaka rangi upya bila hayo ni kutupa hela.

Jibu 2
Naongezea: tazama lenta na kingo za slabu. Zege likipasuka kufuata mstari wa nondo na kutoa rangi ya kutu, nondo zinaoza ndani. Karibu na bahari hilo ni zito kuliko plasta. Mwite mhandisi.

Jibu 3
Usisahau umeme. Bonyeza kitufe cha T kwenye RCD, kile kifaa kinachokata umeme unapovuja; umeme usipokatika, haikulindi. Hakikisha pia waya wa ethi umekazwa vizuri kwenye fimbo yake iliyochomekwa ardhini.