Ubongo wa panya unasoma chanya, slaidi ya damu haina kitu

binti_maabara: Wakuu, niliambukiza panya weupe 12 vimelea vya malale, aina ya GVR35, ile iliyotolewa kwa nyumbu wa Serengeti mwaka 1966. Siku ya 28 nimetoa ubongo, nimesaga, nimepiga PCR ya TBR, yaani kipimo kinachotafuta DNA ya hivyo vimelea. Wote chanya. Ila slaidi za damu ya mkiani za siku hiyohiyo, saba kati yao sikuona kitu. Msimamizi ananiuliza: una hakika gani kuwa ni ubongo, si damu iliyobaki mle ndani? Nimekosa jibu.

fundi_slaidi: Uliwasafisha damu kabla ya kufungua fuvu?

binti_maabara: Hapana mkuu.

fundi_slaidi: Basi msimamizi wako yuko sahihi, pole. TBR inatafuta kipande cha DNA kinachojirudia maelfu ya mara ndani ya kimelea kimoja. Tone la damu linatosha kukudanganya, hata kama slaidi haikuonyesha kitu.

Panya akishalala kabisa kwa dawa, fungua kifua, choma sindano ya kipepeo kwenye chumba cha chini kushoto cha moyo, kata kidogo kile cha juu kulia, sukuma maji ya chumvi taratibu. Macho yawe kwenye ini. Linaanza jekundu kama la buchani, linaishia rangi ya chai ya maziwa. Likibaki na mabaka, huyo mtoe kwenye hesabu. Na utando wa juu ya ubongo usiumenye! Mimi nilikuwa naumenya eti unachafua sampuli, kumbe vimelea wengi wamejazana humohumo. Kazi ya wiki nne ikaenda na maji.

daktari_wa_ngombe: Weka na kundi la panya wa Berenil, dawa ya kuua hivyo vimelea. Ukiwapa siku ya 21 damu inasafika, lakini dawa haipenyi ubongoni vya kutosha, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa vimelea hurudi kwenye damu. Wametoka wapi kama si huko? Halafu ubongo uliosagwa mdunge panya asiye na maambukizi. PCR inaona DNA tu. Huyo panya ndiye atakayekuonyesha kama kimelea kiko hai.

binti_maabara: Ahsanteni sana. Kwenye kibali nimebakiza panya 18, itabidi nihesabu vizuri safari hii. Fundi, sindano geji ngapi?

fundi_slaidi: 25. Nene zaidi utapasua moyo, maji yote yaishie kifuani.