Susanna Rahkamo alinyimwa medali ya Olimpiki, au hakutosha?

Mpiga Zumari: Wadau, jana usiku nimerudia kutazama dansi ya barafuni ya Olimpiki ya Lillehammer 1994. Susanna Rahkamo na Petri Kokko wa Ufini nafasi ya 4. Shaba wakapewa Torvill na Dean, Waingereza waliokwishabeba dhahabu Sarajevo 1984, wakaenda zao kwenye maonyesho ya kulipwa, na baada ya miaka kumi wakafunguliwa mlango warudi. Mwezi uliofuata, mashindano ya dunia kule Chiba, Japani, Waingereza hawapo, na Wafini hao wakaondoka na shaba ya dunia. Walinyimwa au hawakutosha?

Chuma cha Pua: Hawakutosha. Hata ubingwa wao wa Ulaya, Dortmund 1995, ni wa kuokota. Grishuk na Platov, Warusi waliobeba dhahabu ya Lillehammer, hawakuwepo. Paka akiondoka panya hutawala.

Binti Kizingo: Wa kuokota? Hebu nenda kaokote na wewe tuone. Machi mwaka huohuo, Birmingham, paka wako alikuwepo, na Rahkamo akachukua fedha ya dunia, akawaacha nyuma Wafaransa Moniotte na Lavanchy. Hiyo nayo aliiokota kichochoro gani?

Chuma cha Pua: Fedha ni ya pili, dada. Na tusisahau baba yake alikuwa meya wa Helsinki. Mtoto wa kigogo hakosi pa kufanyia mazoezi.

Mzee Kigoda: Mkuu, hapo umechafua. Kari Rahkamo alikuwa meya, sawa, lakini kabla ya umeya alikuwa mwanariadha wa miruko mitatu, wa kiwango cha Olimpiki. Damu ya michezo ipo. Na meya wa Helsinki ana usemi gani kwa majaji waliokaa Japani?

Simba Mla Nyasi: Wazee msibishe, ukigogo upo kila mahali. Mimi shuleni nilikalishwa benchi miaka miwili kwa sababu mtoto wa mwenyekiti wa kijiji alikuwa namba tisa. Mpira ukimfikia anaushika kwa mkono!

Mzee Kigoda: Pole mdogo wangu. Sasa hilo linamhusu nini mama wa watu?

Simba Mla Nyasi: Linanihusu mimi.

Mpiga Zumari: Jamani, mada! Nimeuliza habari za Lillehammer.

Kibao Kata: Mimi sijaelewa jambo moja. Kitu kinachohitaji majaji tisa wakae waangalie nani kapendeza, ni mchezo kweli? Si harusi hiyo?

Binti Kizingo: Jaribu kusimama kwenye chuma chembamba hivyo, huku umeshikana na mtu mwingine, uone kama utafika kwenye keki. Halafu mjue, ile kwikstepu yao (dansi ya hatua za haraka) ya msimu wa 1994/95 ilifanywa dansi rasmi ya mashindano, inaitwa Finnstep. Sochi 2014 wote walilazimika kuicheza. Davis na White wa Marekani wakapewa alama 78.89, wakaongoza. Kokko akaandika Twitter kwamba Wamarekani walikuwa nje ya mdundo, na waliostahili kuongoza ni Virtue na Moir wa Kanada. Mwenye ngoma anasema mmeikosea, majaji wanasema mmeipatia! Sasa majaji wa 1994 niwaamini kwa lipi?

Chuma cha Pua: Yaani miaka ishirini imepita, mtu mzima bado analalamika mitandaoni. Ndiyo maana walikuwa wa nne.

Binti Kizingo: Nimeandika aya nzima, wewe umeona Twitter tu?

Chuma cha Pua: Wewe nawe hujanijibu. Meya alimlipia binti yake barafu au hakumlipia?

Kibao Kata: Barafu ya Ufini inalipiwa? Si inamsubiri mlangoni asubuhi?

Simba Mla Nyasi: Ya mtoto wa meya inafagiliwa kwanza.