Kundi la Majirani, Majengo, Mombasa: Wanaolala Barazani

Mama Nasra: Assalam aleikum majirani. Barazani kwa maduka ya Sabasaba sasa hata pa kupita alfajiri hapana. Wanaolala hapo wamefika kumi na mmoja, wawili ni watoto kabisa. Naona tuwaite askari wa kaunti waje na lori kabla masika hayajachanganya.

Salim Fundi: Naunga mkono. Mita za maji na vifuniko vya mitaro vinaibiwa, vinaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Bi Rehema: Waleikum salaam. Mama Nasra, lori litawabeba usiku, litawashusha mbali, na haitapita wiki watakuwa wamerudi. Riziki yao iko hapa: mizigo ya soko la Marikiti, chupa za plastiki, makombo ya mikahawa. Na lori halimuulizi mtu jina wala kwao. Sheria ya Uzururaji yenyewe ilifutwa mwaka 1997, ila tabia ya kuzoa watu haikufutika.

Salim Fundi: Sasa tuwaache?

Bi Rehema: Hapana. Tuwapambanue. Hao kumi na mmoja si kundi moja, na kila mmoja ana mlango wake wa msaada. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya 2018 ilipata watu 46,639 Kenya nzima, na Mombasa peke yake 7,529, ya pili baada ya Nairobi. Humo mna watoto, mna kina mama wenye vichanga, mna wagonjwa wa akili, mna mahamali, wabeba mizigo wa kawaida waliokosa kodi. Ukiwatia wote kwenye lori moja umewapoteza wote.

Tuanze na watoto. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, usiku na mchana. Kabla ya kupiga uwe na haya: mahali hasa (taja duka, usiseme "Sabasaba" tu), umri wa kukadiria, saa wanazoonekana, wako na nani, kama kuna jeraha. Kisha mwarifu afisa wa watoto wa Mvita au kituo cha polisi. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022 huyo ni mtoto anayehitaji malezi na ulinzi, si mhalifu. Andika jina la aliyepokea taarifa na tarehe. Taarifa isiyo na jina la mpokeaji hupotea.

Na tafadhali msiwapige picha na kuzirusha humu.

Mama Nasra: Mdogo nimemuuliza kwao wapi, akasema Malindi. Kesho yake akasema Mariakani.

Bi Rehema: Atakutajia popote isipokuwa kwao, anaogopa kurudishwa. Usimuulize "kwenu wapi". Muulize alisoma shule gani, mwalimu wa darasa aliitwa nani, wakitoka shule walicheza wapi, karibu na nyumba kuna msikiti gani au kinu gani cha kusaga. Hapo atasema kweli bila kujua, na afisa akiwa na jina la shule na la mwalimu, kumpata mzazi ni rahisi zaidi. Muulize asubuhi akiwa amekula. Akishanusa gundi hupati kitu.

Kosa kubwa linalofanyika ni kumrudisha mtoto haraka kabla ya kujua alikimbia nini. Kama ni kipigo cha baba wa kambo, kipigo kiko palepale. Atarudi Sabasaba, na safari ya pili hatamwamini mtu.

Athmani Nesi: Niingie kwa hao wengine. Wale wanaolala upande wa ukuta, wamejikunja, mchana wanasinzia wamesimama, wengi ni mateja, watumiaji wa unga. Kufukuzana nao hakusaidii, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, itawarudisha kwa muuzaji. Kuna kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, huko Kisauni. Ni dawa ya kunywa, kila siku, mbele ya mhudumu. Haendi tu akaandikishwa: aanze na shirika linalohudumia mateja, kama Reachout au MEWA, apimwe, apewe ushauri, ndipo apelekwe kliniki.

Panapokwama ni nauli. Dozi ni ya kila siku, na mtu anayelala nje hana uhakika wa nauli ya kuvuka daraja la Nyali kila asubuhi. Akikosa siku kadhaa mfululizo hapewi kipimo chake cha zamani, huanzishwa tena chini, kwa sababu mwili umeshasahau na kipimo kile kinaweza kumuua. Yeye huona ameadhibiwa, huacha. Kwa hiyo mkitaka kuchanga, changieni nauli, na mumpe anayemsindikiza.

Salim Fundi: Na sindano tunazoziona mtaroni?

Athmani Nesi: Usiokote kwa mkono hata ukiwa na glavu, inatoboa. Koleo, na chupa ngumu ya plastiki kama ile ya dawa ya madoa, yenye kifuniko cha kuzungusha. Isogeze chupa kwenye sindano, usiishike kwa mkono mwingine. Usijaribu kurudisha kifuniko cha sindano. Ikifika robo tatu funga, wapelekee kituo cha afya. Jaa la taka hapana.

Na ukimkuta mtu anakoroma kwa shida, midomo imegeuka rangi, mboni za macho kama ncha ya pini, huyo amezidisha unga. Usimmwagie maji wala kumpa maziwa. Tafuta gari la hospitali. Kama hapumui, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde tano. Akianza kupumua mlaze ubavu. Wahudumu wa mashirika hubeba naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha. Hata akizinduka kwa hiyo msimwache: inaweza kuisha nguvu kabla ya unga kuisha, akazama tena.

Mzee Shee: Yule mama anayezungumza peke yake na kuvua nguo ni wa hospitali ya Port Reitz, wodi ya akili, si wa seli. Polisi wanaruhusiwa kumpeleka, lakini awepo mwanamke mwenzake kwenye gari.

Mahamali nao shida yao ni dipoziti. Mtu analipwa kwa siku, chumba kinadaiwa kwa mwezi. Chumba cha 3,000 kinataka 6,000 mkononi siku ya kwanza. Wenye nyumba humu, kubalini kodi ya wiki, dipoziti igawanywe mara nne. Na mwenye kupoteza kitambulisho aanze na abstrakti ya polisi, ile hati ya kuripoti kupotea, kisha chifu. Bila kitambulisho mtu mzima hajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, wala hana laini ya M-Pesa kwa jina lake, kwa hiyo hata akiba analala nayo mfukoni, na huibiwa.

Mama Nasra: Haya, lori tuliache. Kwanza hao wadogo wawili. Salim, wewe hufungua mapema, piga 116 saa kumi na nusu alfajiri ukiwaona.

Bi Rehema: Saa hiyo wameshaamka kufuata malori ya mboga. Piga usiku, saa tatu hivi, wakishajilaza. Na mtu abaki karibu mpaka afisa afike.

Salim Fundi: Nitabaki mimi. Mama Nasra, nitumie jina la duka lile lenye mlango wa buluu.