Wajapani ni wakimbiaji wa mbio fupi, au ni mafundi wa kijiti tu?

Kiwanja Kikuu (mwanzisha mada)
Wakuu, kila ikija Olimpiki nasikia Japani imekuwa taifa la mbio fupi. Naomba tusemezane kwa takwimu. Rio 2016 walichukua fedha ya mbio za kupokezana kijiti 4x100 kwa sekunde 37.60, nyuma ya Jamaika ya Bolt, na kwenye mstari walimpita hata Mmarekani kabla hajafutiwa matokeo. Sawa. Lakini wale wakimbiaji wao wanne, Yamagata, Iizuka, Kiryu na Cambridge, siku ile hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kushuka chini ya sekunde 10. Mjapani wa kwanza kushuka ni Kiryu, 9.98 mita 100, Septemba 2017 mjini Fukui. Rekodi ya taifa leo ni 9.95 ya Yamagata, 2021. Na fainali ya mita 100 ya Olimpiki? Wa mwisho kuingia ni Yoshioka, Los Angeles 1932! Babu zetu walikuwa wanachunga mbuzi. Mimi nasema medali ya kijiti si ushahidi wa mbio. Mniambie nakosea wapi.

Mwana Pangani
Unakosea kwenye hilo neno "tu". Fundi TU? Umewahi kushika kijiti wewe, au unaona kwenye runinga unafikiri ni kupeana chumvi jirani?

Wajapani wanapokea kijiti kwa chini. Mpokeaji hanyooshi mkono nyuma juu juu kama wengine. Anaushusha kando ya nyonga, kiganja kinatazama chini, na mtoaji anakipandisha kijiti kiingie kati ya gumba na shahada. Faida yake, anayepokea anaendelea kuchapa mbio bila mwili kukatika. Hasara, mikono hainyooki, kwa hiyo inabidi mkaribiane sana, na ukikosea kidogo mmegongana. Kuondoka nako kuna hesabu. Unabandika utepe chini, umeupima kwa nyayo zako mwenyewe, unyayo mbele ya unyayo. Mwenzako akiufikia unalipuka bila kugeuka nyuma. Nyayo moja zaidi au pungufu, mmekwisha. Watu wamefanyia kazi hicho kitu miaka na miaka, wewe unaita "tu".

Kiwanja Kikuu
Mkuu umeandika vizuri lakini umenijibu swali ambalo sikuuliza. Sikusema ni rahisi. Nimesema si mbio. Halafu hao mafundi wako, fainali ya Tokyo 2021, nyumbani kwao, walidondosha kijiti.

Mwana Pangani
Hakikudondoka! Tafuta video. Tada alishindwa kumfikia Yamagata ndani ya eneo la kupokezana, kijiti kikabaki mkononi mwake. Ukitaka dhahabu unaondoka mapema, na ukiondoka mapema yanakukuta hayo. Mbona Mashindano ya Dunia Doha 2019 huitaji? 37.43, shaba, rekodi ya Asia.

Chuma cha Ngara
Mnapoteza muda. Hao wenye spidi yenyewe si Wajapani. Sani Brown baba yake Mghana. Cambridge, aliyepokea kijiti cha mwisho Rio, baba yake Mjamaika. Toa hao wawili, tuone.

Mama Hana
Nilikuwa napita kimya lakini hapa nasimama. Tukitoa hao wawili tunaona nini? Rio kwenye timu Cambridge ni mmoja kati ya wanne. Beijing 2008 walikuwa Tsukahara, Suetsugu, Takahira na Asahara, na medali ikaja. Suetsugu huyohuyo alichukua shaba ya mita 200 peke yake, Mashindano ya Dunia Paris 2003. Peke yake, bila kijiti, bila baba Mjamaika.

Na nikuambie jambo jingine, kaka. Wanangu wamezaliwa huku Japani, baba yao Mjapani, mama yao ni mimi wa Tanga. Shuleni wanaulizwa "kwenu wapi hasa?" na watoto wenzao. Sikutegemea kuja kulikuta swali hilohilo kwa Mswahili mwenzangu.

Chuma cha Ngara
Dada sikumtukana mtoto wa mtu. Naongelea sayansi. Qatar nao wana Ogunode, 9.91, Mnigeria mtupu. Ni mtindo mmoja.

Mama Hana
Mtindo mmoja wapi? Ogunode alitoka Nigeria akabadilisha bendera. Sani Brown amezaliwa na kukulia Japani, mama yake Mjapani. Murofushi wa Japani, dhahabu ya kurusha nyundo Athens 2004, mama yake Mromania. Mbona hilo hakuna aliyewahi kusema tutoe? Au nyundo haina rangi?

Sayansi yako inieleze Su Bingtian. Mchina, nusu fainali Tokyo 2021, 9.83, akavuka rekodi ya huyo Ogunode wako. Baba yake wa Kingston, Jamaika?

Ochi Ziwani
😂😂 Mama Hana amemaliza. Chuma, pumzika.

Lakini wadau, hebu tujiulize sisi. Kenya tuna Omanyala, 9.77, rekodi ya Afrika. Hakuna Mjapani anayeikaribia. Kijiti chetu cha 4x100 je, kina medali gani ya Olimpiki? Sifuri. Na si kwamba hatujui kupokezana, Munich 1972 tulichukua dhahabu ya 4x400. Kwa hiyo mtu mmoja mkali si timu.

Kiwanja Kikuu
Ochi umenisaidia hoja bila kujua. Mwenye mbio ni Omanyala, wenye medali ni Wajapani. Ndiyo nilichosema tangu mwanzo, kijiti hakipimi mbio. Na fedha ya Beijing tusisahau ilikuwa shaba, wakapandishwa baada ya Nesta Carter kukutwa na dawa.

Mwana Pangani
Sasa waliokimbia safi wanakosa gani? Na "kijiti hakipimi mbio" ni maneno ya ajabu, kwani wanatembea? Paris 2024 Sani Brown alipiga 9.96 nusu fainali akakosa fainali. 9.96! Miaka ya nyuma hiyo ni medali. Mashindano ya Dunia 2022 na 2023 aliingia fainali zote mbili, akawa wa saba, kisha wa sita. Kama unataka Mjapani wa peke yake, huyo hapo.

Chuma cha Ngara
Si nimesema huyo ni Mghana.

Mama Hana
Ona sasa.

Mzee wa Mzunguko
Vijana mnazozana na sekunde. Mkimbiaji wa mbio fupi hodari kuliko wote Japani iliowahi kutoa ni Seko. Fukuoka, Desemba 1983. Marathoni nzima Juma Ikangaa wetu wa Tanzania yuko naye, wanaingia uwanjani pamoja, sisi tumeshaanza kusherehekea. Mzunguko wa mwisho Seko akachomoka. 2:08:52 kwa 2:08:55. Sekunde tatu baada ya kilomita 42! Mpaka leo nikiisikia Fukuoka roho inaniuma.

Ochi Ziwani
Shikamoo mzee. Lakini Wajapani walitulea wengi pia. Wakiihuri alipikwa kulekule, akawa bingwa wa dunia wa marathoni Roma 1987. Wanjiru, mwenye dhahabu ya marathoni Beijing 2008, alisoma sekondari Sendai.

Mzee wa Mzunguko
Marahaba. Walipikwa, lakini kuni zilikuwa za kwenu.

Mwana Pangani
Mzee, Ikangaa alirudi Fukuoka 1986 akashinda. Hilo mbona hulisemi?

Mzee wa Mzunguko
Sijasema hajashinda. Nasema SIKU ILE ushindi ulikuwa mkononi. Angeongeza mwendo kabla ya kuingia uwanjani, si kungoja kushindana kasi na Seko.

Mwana Pangani
Aongeze na nini, alikuwa ameongoza karibu njia nzima akikata upepo, Seko yuko mgongoni kapoa.

Kiwanja Kikuu
Jamani, mada ilikuwa mita 100. Mambo ya marathoni tufungulie uzi wake.

Mzee wa Mzunguko
Fungua wewe mwenye mada. Sisi bado tuko Fukuoka.