Naomba ushauri: chai ya thabai inanishinda, na mama anatumia dawa za presha

Nyokabi_Kinangop
Hamjambo wadau. Nyuma ya boma la ng'ombe hapa nyumbani thabai, ule mmea wa majani yanayowasha, imeota tele tangu masika. Cucu (bibi yetu) alikuwa akiitia kwenye mukimo, yaani viazi vya kuponda na mahindi, ila chai hakutufundisha. Sasa mama, ana miaka 64, ameambiwa kliniki kwamba damu imepungua, na jirani anamhimiza anywe chai ya thabai kila siku.

Nimejaribu mara mbili. Kwanza nilianika juu ya mabati, majani yakawa kahawia na chai ikanukia nyasi kavu. Mara ya pili niliyafungia kwenye gunia yakaota ukungu. Vidole navyo viliniwasha hadi asubuhi. Mnachumaje, mnakaushaje? Na kwa mtu anayemeza dawa za presha, ni salama?

Mkulima_Njabini
Pole sana dada. Ikikuchoma usisugue, osha kwa sabuni na maji. Vaa glavu nene na shati la mikono mirefu.

Chuma ncha tu, yale majani machanga ya juu, kabla mmea haujachanua. Ukishachanua, majani hujaa chembechembe za chokaa, yanakwaruza mdomoni na yanaweza kuudhi figo. Ukikata ncha, shina huchipua tena.

Kukausha ni kivulini, ndani ya nyumba penye hewa, safu moja nyembamba juu ya wavu au kitambaa safi. Kwa baridi yetu huweza kufika wiki. Likivunjika likilia mkononi, limekauka. Tia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko. Kukauka huko huondoa kuwasha, na maji ya moto pia. Yale ya ukungu tupa yote, usichambue.

Hapo nyuma ya boma thabai inastawi kwa sababu ya samadi. Lakini kama ndipo mnaponyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, au shamba la viazi linalopigwa dawa liko karibu, tafuta kwingine.

Bint_Kilifi
Jamani, nimeshtuka! Upupu unanywewa?

Mkulima_Njabini
Hapana dada, huo wa kwenu ni mwingine. Upupu wa pwani hutambaa, ni jamii ya maharagwe, na kinachowasha ni manyoya ya maganda yake. Huo usiuguse. Thabai husimama wima, jani lina meno kama msumeno, na miiba midogo iko kwenye shina na majani. Wataalamu huiita Urtica massaica.

Nesi_Mstaafu
Nyokabi mwanangu, nianze na damu. Kliniki wamekwambia kwa nini imepungua? Kwa mama wa miaka 64 lazima sababu itafutwe, maana huenda anavuja damu tumboni bila kujua. Chai isicheleweshe vipimo.

Madini ya chuma kwenye thabai yapo, ila mengi hubaki kwenye jani unalochuja na kutupa. Kwa hiyo cucu wako alikuwa sahihi: chemsha majani, ponda kwenye mukimo, na mama ale chungwa baadaye. Chai ya kawaida ya majani asinywe pamoja na chakula hicho, kwani huzuia mwili kuchukua chuma.

Kuhusu presha: thabai hukojoza na inaweza kushusha presha. Ikikutana na vidonge, hasa vile vya kukojoza, mama anaweza kupata kizunguzungu. Beba vidonge vyake umwonyeshe daktari kwanza. Akiwa anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ajue thabai ina vitamini K nyingi, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito wasinywe bila kuuliza. Na vidonge asiache hata siku moja.

Baraka_Bremen
Huku Ujerumani huuzwa madukani kwa jina la Brennnesseltee. Mimi hutia kijiko kimoja cha majani makavu kwenye kikombe, maji yanayochemka, nafunika dakika 10, nachuja. Ladha yake inakaribia mchicha. Limau huisaidia sana.

Nyokabi_Kinangop
Mrejesho: asanteni nyote. Daktari ameona vidonge, kimoja ni cha kukojoza, akasema chai isubiri. Vipimo vya damu ni Jumanne. Jana nimempikia mukimo wa thabai, akala sahani mbili akimtaja cucu. Majani mengine mapya ya chai nimeanika jikoni, ni ya kwangu mimi.