Miche ya nyanya Igombe: nihamishe sasa au nisubiri?

Wakuu, niko Igombe, Mwanza, jirani kabisa na Ziwa Victoria. Nimesia nyanya kwenye kitalu chini ya mwembe. Miche imeota vizuri, ila ni miembamba, mirefu, yote imeinamia upande wenye jua. Majani halisi, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza ya mbegu, ni mawili tu. Masika bado inanyesha. Nihamishe kabla mvua haijakata?

Mama Kitalu: Tulia, mdogo wangu. Hiyo miche inatafuta mwanga. Punguza matawi ya mwembe upande wa mashariki jua la asubuhi liingie, na ng'olea iliyobanana. Nyanya huhamishwa ikiwa na majani halisi manne mpaka sita. Wiki ya mwisho ipunguzie maji ikomae, lakini siku ya kuhamisha loanisha kitalu kwanza ndipo uing'oe na udongo wake, jioni jua likishapoa. Shina refu lizike karibu lote, nyanya hutoa mizizi kwenye shina. Na hiyo mvua unayoikimbilia ndiyo inayoleta ukungu! Huku Kayenze mimi napanda Mei ikiishia, namwagilia maji ya ziwa.

Mzee wa Bustani: Kagua shingo ya mche pale inapogusa udongo. Ikiwa nyeusi, imesinyaa kama uzi, ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche kitaluni. Ng'oa, tupa mbali, na umwagilie asubuhi tu.

Muuliza swali: Shingo ni za kijani, safi. Asante dada. Panga lipo, ila mwembe ni wa baba mkwe, ngoja nikaombe ruhusa kwanza.